Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EWURA: fundi umeme apewe leseni kwa vipimo, si kwa karatasi peke yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji,
Dodoma.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO (shirika la umeme).

YAH: UANAGENZI NA LESENI ZA MAFUNDI UMEME WA MAJUMBANI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Chukua nyumba ya vyumba vitatu iliyofungwa umeme ikapendeza. Swichi zimenyooka, meni swichi imekaa sawa ukutani, ethi rodi, ile nondo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, imechimbiwa nyuma ya nyumba na kichwa chake kinaonekana. Siku moja waya wa laivu, yaani ule unaoleta umeme, unachubuka ndani ya friji na kugusa bodi, yaani ganda lake la chuma. Kama ethi ile ina ukinzani wa omu 100, na kwenye mchanga mkavu hiyo si ajabu hata kidogo, mkondo utakaoshuka ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 100, yaani ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haishtuki kwa ampia 2.3, hata ikiachwa hivyo mwaka mzima. Bodi ya friji inabaki na karibu volti 230, ikimsubiri wa kwanza kuishika akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Dalili ambayo mwenye nyumba huenda akaiona mapema ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuisha upesi, kwa sababu uvujaji huo unakula uniti 12 na zaidi kwa siku. Naye atalaumu mita.

Fundi aliyefunga nyumba hiyo anaweza kuwa na cheti, leseni na mhuri. Alichokosa ni kipimo cha dakika kumi. Barua hii inahusu dakika kumi hizo na namna ya kuziingiza katika uanagenzi na katika leseni mnayoitoa.

Sisi, mafundi na wakufunzi wa umeme wa majumbani, tunakubali kwamba mfumo uliopo si mbaya. Madaraja kuanzia A hadi D, na W la fundi wa nyaya, yanaeleweka, na maombi kupitia LOIS, mfumo wenu wa leseni wa mtandaoni, yamewapunguzia watu wa mikoani safari. Tatizo ni kile kinachopimwa. Cheti cha VETA kinaonyesha kwamba mtu alisoma, na uzoefu wake unamfikia mkaguzi ukiwa karatasi: amefanya kazi mahali fulani kwa muda fulani. Saidia fundi aliyepasua kuta na kuvuta nyaya kwa miaka mitatu bila kushika mega (kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linavujisha umeme) hata mara moja anaweza kuandikiwa barua ileile anayoandikiwa mwenzake aliyepima nyumba arobaini. Kwenye karatasi wanalingana.

Kule mtaani, ethi inapimwa kwa balbu. Fundi anashika waya mmoja kwenye laivu na mwingine kwenye ethi, balbu inawaka, kazi imekwisha. Zamani, kwa balbu ya wati 100, mbinu hii ilikuwa na maana kidogo, ingawa hata kwenye ethi ya omu 100 balbu ile ilipata zaidi ya volti 190 na kuwaka vizuri tu. Leo balbu yenyewe ni ya LED ya wati 9, inayotaka mkondo mdogo sana, na nyingi zitawaka hata ethi ikiwa na omu mia kadhaa. Kipimo kinachofaulu kila mara hakipimi kitu. Testa ya bisibisi ndiyo kabisa: inasema laivu ipo au haipo, basi.

Ethi hupimwa kwa kifaa chake. Unatenganisha waya wa ethi na meni swichi, unachomeka kijiti cha mkondo mita 30 kutoka kwenye rodi, na cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 18.6. Unasoma. Unakisogeza kijiti cha volti mita mbili mbele, unasoma, kisha mita mbili nyuma, unasoma tena. Namba zikikaribiana, hicho ndicho kipimo chako. Zikitofautiana sana, vijiti vimekaribiana na rodi, sogea mbali zaidi. Kipimo cha masika kiandikwe kuwa cha masika, maana udongo ukikauka kiangazi ukinzani hupanda. Rodi ya pili husaidia ikiwa mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe. Ukizichomeka pua kwa pua, umetupa fedha ya mteja.

Na hata ukishusha ethi hadi omu 20, mkondo wa hitilafu ni ampia 11.5, na breka ya 20 bado imelala. Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe lazima iwe na RCD (kifaa kinachokata umeme mara mkondo unapovuja) ya miliampia 30, na RCD hiyo ipimwe kwa kifaa kinachoonyesha muda: isizidi milisekunde 300 kwa miliampia 30, wala 40 kwa miliampia 150. Kitufe cha majaribio kinaonyesha tu kwamba mtambo wa ndani unacheza. Hakisemi lolote kuhusu ethi.

Hapo ndipo tunapomtambua aliyelelewa na fundi na aliyejifundisha kwa kubahatisha. RCD mpya inashtuka kila jiko likiwashwa. Sababu ya kawaida ni nyutro (waya unaorudisha mkondo) na ethi kugusana mahali fulani baada ya RCD, mara nyingi nyuma ya soketi ambako skrubu imebana waya uliochunwa kupita kiasi, au nyutro ya chumba kimoja iliyoazimwa kulisha taa ya chumba kingine kilichoko nje ya RCD hiyo. Mwanagenzi aliyefundwa atazima, atatenganisha nyutro moja moja kwenye meni swichi na kupima kila moja dhidi ya ethi kwa mega ya volti 500 hadi aipate yenye kasoro. Asiyefundwa atatangaza kwamba RCD ni mbovu na kuunga waya moja kwa moja. Nyumba itatulia, na mteja atamshukuru.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, tunapendekeza uanagenzi uhesabiwe kwa kazi. Texas, nchini Marekani, humtaka mwanagenzi atimize saa 8,000 chini ya fundi mkuu kabla ya kupewa leseni ya fundi kamili. Saa ni bora kuliko barua, lakini mtu anaweza kuzimaliza akishika ngazi. Uingereza huweka mwishoni mtihani wa vitendo uitwao AM2, ambamo mtu anafunga, anapima na kutafuta hitilafu mbele ya mtahini. VETA nayo imewahi kuendesha uanagenzi wa zamu kati ya chuo na mahali pa kazi kwa ushirikiano na Wajerumani, umeme ukiwemo, kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri.

Kwa anayeelekea kuomba leseni ya nyumba za njia moja (zenye laivu moja tu), daftari la kazi liwe na mambo haya angalau: nyumba kumi kuanzia bomba la kwanza hadi umeme kuwaka; vipimo ishirini vya ethi, nusu yake vya kiangazi; RCD kumi zilizopimwa muda; na hitilafu tano alizozitafuta mwenyewe, chanzo cha kila moja kikiandikwa. Kila ukurasa uwe na namba ya leseni ya fundi msimamizi na namba ya mita ya LUKU, ile ya tarakimu 11. Namba hiyo hupatikana baada ya TANESCO kuunganisha, hivyo ukurasa haufungwi mpaka nyumba iwake, na mkaguzi wenu akitaka kuhakiki anajua nyumba ya kwenda. Fundi mmoja asisimamie wanagenzi zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Akiwa na kumi, hao ni vibarua.

Usaili nao ungefaa kubadilika. Maswali ya mdomo kuhusu kanuni ya Ohm hayamtoi jasho mtu aliyekesha akikariri. Mpeni mwombaji bodi ya majaribio, yaani ubao wenye nyaya na soketi zilizofungwa tayari, yenye kasoro nne zilizofichwa: polariti iliyogeuzwa (laivu na nyutro zimebadilishana) kwenye soketi moja, waya wa ethi uliokatika katikati ya njia, nyutro na ethi zilizogusana, na breka ya ampia 32 inayolinda waya wa milimita za mraba 2.5 unaoishia kwenye soketi ya mwisho bila kurudi kwenye meni swichi. Mpeni saa mbili na vifaa. Kasoro hiyo ya mwisho, ya breka, ndiyo tunayoililia zaidi. Hita ya kuoga ya wati 5,500 inataka ampia 24. Mtu anaiunga kwenye waya wa 2.5 uliokuwa na breka ya 20, breka inaanza kushtuka mara kwa mara, fundi anaitwa na anabadilisha breka badala ya kuvuta waya wa 4 au wa 6. Kuanzia hapo waya ndio unaopata joto, ndani ya bomba, juu ya dari, chini ya bati lenye joto lake. Na kama njiani kuna kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu, gundi ya tepu inayeyuka kabla ya kitu kingine.

Jambo hili lina haraka yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Jiko la umeme linakwenda kuingia katika nyumba zilizofungwa kwa hesabu ya taa nne, redio na televisheni.

Fomu ya kuombea umeme nayo iguswe. Mhuri wa fundi mwenye leseni ndio unaobeba kila kitu, na kwa sababu hiyo mhuri umekuwa bidhaa. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anafunga nyumba, kisha anamfuata mwenye leseni anayegonga mhuri kwa ada bila kufika mahali. Tunalisema hili tukijua kwamba wanaokodisha ni wenzetu. Fomu ikidai namba nne, yaani omu za ethi, megaomu za nyaya (zisipungue 1 kwa volti 500), milisekunde za RCD, na tarehe ya kupima, mwenye mhuri atakuwa ametia saini kitu kinachoweza kurudiwa kupimwa. Wapo watakaopika namba. Lakini namba zilizopikwa hunuka: nyumba ishirini mfululizo zenye ethi ya omu 5, mwezi wa Oktoba, Dodoma, hazihitaji upelelezi. Mkaguzi apime nyumba moja kati ya ishirini, na tofauti kubwa isiyo na maelezo imgharimu mwenye leseni.

Vifaa ni ghali, hatulifichi. Mega, kipima ethi na kipima RCD kwa pamoja vinazidi mtaji wa fundi anayeanza. Vyuo vya VETA vya wilaya vinaweza kuviazima kwa siku kwa ada ndogo na dhamana ya namba ya leseni, na chuo kikavihakiki kila mwaka. Mafundi watano wakichanga pia wanaweza kumiliki seti moja, maana nyumba haipimwi kila siku.

Vishoka wasifukuzwe wote. Wengi wao wana mikono mizuri kuliko baadhi ya wenye vyeti, na VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Waingie kwa mlango huo, wapewe mwaka mmoja wa kujaza daftari chini ya msimamizi, kisha wakae mbele ya bodi ile yenye kasoro nne kama wengine.

Mawili zaidi kwa ajili ya mtaala. La kwanza ni rangi. Katika utaratibu wa zamani nyeusi ni nyutro na buluu ni mojawapo ya laivu za njia tatu. Katika mpya buluu ni nyutro na nyeusi ni laivu ya pili. Nyumba ya zamani inayoongezewa vyumba kwa waya mpya ina rangi zote mbili ndani ya boksi moja, na asiyeambiwa ataunga waya mweusi na mweusi. La pili ni waya feki. Roli la mita 100 la shaba ya 2.5 lina ukinzani wa omu 0.74, na la 1.5 lina omu 1.21. Pima ncha kwa ncha, toa ukinzani wa nyaya za mita yako kwanza, na la 2.5 likizidi omu 0.9 lirudishwe dukani: ama ni jembamba kuliko lilivyoandikwa, ama ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Kipimo hiki kinamaliza dakika mbili na kinafaa kuwa somo la wiki ya kwanza.

Tunaomba mwanzo mdogo: mkoa mmoja wa pwani na mmoja wa kanda kavu, fomu yenye namba nne, na daftari la uanagenzi kwa waombaji wapya wa leseni za njia moja, kwa miezi kumi na miwili ili kiangazi na masika vyote viingie. Rasimu ya daftari na mchoro wa bodi ya majaribio tunaweza kuwasilisha siku mtakayopanga.

Wako katika kazi,

Mafundi na wakufunzi wa umeme wa majumbani