Salamu za Krismasi: Baraka Iliyobaki Kinywani mwa Zakaria

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wangu.

Mlio njiani kurudi nyumbani na mliobaki kazini kwa zamu ya sikukuu, nawasalimu nyote. Usiku wa leo tutamwimbia Mtoto aliyelazwa horini. Kabla hatujafika horini, naomba tukae kidogo na mzee ambaye wengi tunampita haraka: kuhani Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji. Wimbo wake ndio Injili ya Misa ya asubuhi ya leo, tarehe 24 Desemba.

Zakaria alikuwa wa zamu ya Abiya, ya nane kati ya zamu 24 za makuhani. Makuhani walikuwa wengi, hata wa kufukiza uvumba Hekaluni alipatikana kwa kura, na kwa desturi yao aliyewahi kuipata nafasi hiyo hakuingia tena kwenye kura. Kumbe mzee huyu aliingojea siku ile tangu ujana. Ilipofika, malaika Gabrieli akamtokea upande wa kuume wa madhabahu, akamwahidi mtoto, naye akauliza atajuaje, maana ni mzee. Kwa kuwa hakusadiki, malaika akamwambia atakuwa bubu hadi hayo yatimie. Simlaumu. Aliyeomba mtoto mpaka mvi zikamjaa, akiambiwa ombi lako limesikiwa, hushtuka kabla ya kufurahi.

Linalonigusa zaidi ni la nje. Watu walikuwa wakisali, wakishangaa mbona amekawia. Baada ya uvumba, makuhani walisimama kwenye ngazi na kuwabariki watu kwa maneno ya baraka aliyopewa Haruni, kuhani wa kwanza. Zakaria akatoka akiashiria kwa mikono tu. Watu wakajua ameona maono, lakini baraka haikutoka kinywani mwake.

Miezi ikapita. Mkewe Elisabeti akachukua mimba, Maria akaja akakaa naye kama miezi mitatu, na mwenye nyumba hana neno. Mtoto alipofikisha siku nane, majirani na jamaa wakataka aitwe Zakaria kama babaye. Hilo tunalielewa sana, sisi ambao kwetu jina la babu halipotei. Mzee akaomba kibao, akaandika: Jina lake ni Yohana. Papo hapo ulimi wake ukafunguka.

Na tazameni alianza na nani. Hakuanza na mwanawe, mtoto wa uzeeni, mzao wa Haruni kwa baba na kwa mama. Alimtukuza Mungu kwa pembe ya wokovu katika mlango, yaani ukoo, wa Daudi: ndiye mtoto wa Maria, ambaye alikuwa hajazaliwa bado. Ndipo akamgeukia wake: nawe, mtoto, utamtangulia Bwana. Na mtoto huyo akaenda kukaa jangwani, mbali na zamu ya babaye. Kanisa linauimba wimbo wa mzee huyu kila siku katika Masifu ya Asubuhi.

Kwenu mnaongoja mtoto na majirani wameshaanza kuuliza, kwenu mliozika mwaka huu, kwako mzazi ambaye mwanao amechagua njia usiyoitarajia, baraka ile ambayo watu waliingojea pale nje, ipokeeni nyumbani mwenu usiku huu:

Bwana akubarikie, na kukulinda. Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili. Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani.

Heri ya Krismasi, wapendwa.