Barua ya wazi kwa mashemasi na mama wa jikoni wa Bukavu: chakula cha maskini kipimwe

Wapendwa mashemasi, wazee wa kanisa, na ninyi mama wa idara ya huruma katika parokia zetu za Ibanda, Kadutu na Bagira, Bwana Yesu asifiwe.

Mavuno ya msimu B, msimu wa pili wa kilimo katika mwaka, yamekaribia. Maharagi yataanza kushuka kutoka Kabare, Walungu na Kalehe, na kila parokia inapanga Jumapili yake ya mavuno. Nimeona heri niwaandikie kabla vikapu havijapangwa mbele ya madhabahu, kwa sababu sadaka ya chakula huharibika zaidi siku ile ile inapotolewa.

Andiko tunalolipigia kelele kuliko yote wakati wa kutoa ni Malaki 3:10. Tunakimbilia madirisha ya mbinguni, na njiani tunaruka maneno machache: zaka iletwe ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ghala lile lilikuwa la nafaka, divai na mafuta. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaongeza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini, ikaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane hadi washibe. Basi parokia yenye mifuko ya saruji deponi (ghalani mwake) na isiyo na kilo kumi za maharagi kwa mjane wa avenyu yake isiseme ghala limejaa. Sikatazi kujenga, mvua ya Bukavu tunaijua. Ila mfuko wa chakula uwe na kaye (daftari) yake, sanduku lake na watu wake, na asiwepo wa kuukopa kwa ajili ya mabati. Mkopo wa namna hiyo haurudi.

Tuje kwenye mnada, maana hapo ndipo penye mambo. Kuku, mkungu wa ndizi, kabichi, kapu la viazi vitamu, vyote vinapandishwa mbele na mpiga mnada anaanza kupandisha bei. Ni desturi nzuri: mama asiye na franka mkononi anatoa alichovuna, na pesa inapatikana. Lakini mnajua yanayotokea. Kuku ananunuliwa, mnunuzi anamrudishia Bwana, anauzwa tena, anarudishwa tena. Kanisa linashangilia, na karani anajumlisha mauzo yote matatu. Je, wale wawili wa kwanza wamelipa? Walisema watatuma kwa simu jioni. Ndiyo sababu Jumapili inatangazwa jumla kubwa, Jumatano mtunza kese (mweka hazina) ana nusu yake, na ifikapo mwisho wa mwezi watu wanamnong'ona yeye, wala hawamnong'oni aliyeahidi.

Dawa yake ni meza moja kando ya mpiga mnada. Anayenunua analipa pale, anaandikiwa karatasi, ndipo anachukua kitu chake. Asipolipa, kitu kinabaki mezani na kinauzwa upya kabla ya baraka ya mwisho. Kurudisha kuku kwa Bwana kunaruhusiwa baada ya kulipa tu. Na Jumamosi yake mtumeni mama mmoja sokoni Kadutu aulize bei, ili pasiwe na mzee wa kanisa wa kujichukulia mkungu mzima kwa bei ya heshima.

Jambo la pili la mnada ni kipi kipandishwe mnadani na kipi kisipandishwe. Kinachooza kiuzwe: ndizi mbivu, mboga, maziwa, kuku. Kinachokaa kisiguse mnada kabisa: maharagi, mahindi, mtama, chumvi, mafuta ya mawese. Hivyo viende mizanini, viandikwe kwa kilo, viingie depo. Mkiuza maharagi wakati wa mavuno mnayauza yakiwa rahisi, kisha Oktoba na Novemba, mbegu zikiwa ardhini na vyungu vikiwa vitupu, mnarudi sokoni kununua yale yale kwa bei kali. Hasara hiyo haionekani kwenye kaye yoyote, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Lakini depo isiyotunzwa inalisha wadudu. Dumuzi wa maharagi huingia tangu shambani, na ndani ya miezi michache gunia linakuwa la vumbi na matundu. Hamhitaji dawa ya sumu. Chukueni bidoni (madumu) za lita 20 zilizooshwa na kukaushwa kabisa, mjaze maharagi makavu mpaka shingoni, mtikise yashuke, mjaze tena, mfunge kifuniko kwa nguvu juu ya kipande cha plastiki. Bidoni moja inabeba kama kilo 15. Dumuzi walio ndani wanamaliza hewa na kufa. Mkifungua kila wiki kuchungulia, mmewapa hewa mpya, kazi imekuwa bure.

Kabla ya kufunga, jueni kama yamekauka. Wekeni konzi ya maharagi au mahindi katika chupa kavu pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikiseni, acheni robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, rudisheni juani. Nafaka mbichi ikifungwa inaota ukungu, na mahindi yenye ukungu yana sumu inayodhuru ini hata baada ya kupikwa. Yasitolewe kwa maskini kwa hoja ya kwamba wenye njaa hawachagui, na kuku msiwape. Magunia yasiyoingia bidoni yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na fagio, la zamani litoke kwanza.

Kuhusu pesa yenyewe nitakuwa mfupi. Vikapu vihesabiwe kabla mtu hajatoka, na watu watatu wasio wa nyumba moja, mlango ukiwa wazi. Franka mbali, dola mbali, kila aina ya noti na mstari wake, sahihi tatu chini. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni soko linaikataa, na wabadilisha pesa wanaichukua kwa kukata. Basi iandikwe peke yake: thamani yake, na kilichopatikana baada ya kuibadilisha. Msipofanya hivyo, pengo linamwangukia mtunza kese. Michango ya simu iingie kwenye laini ya parokia, isiwe ya mchungaji. Simu ikae kwa mmoja, namba ya siri kwa mwingine, na makato ya kutoa yaandikwe. Mtume Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu alikubali kusindikizwa na mtu aliyechaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:19-21). Mchungaji anayeona kuhesabiwa ni kutukanwa amsome Paulo polepole.

Sasa kiasi. Mashirika ya misaada yanapanga kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa vyakula vyetu ni kama gramu 400 za unga, gramu 100 za maharagi, gramu 25 hadi 30 za mafuta na gramu 5 za chumvi yenye madini joto. Nyumba ya watu watano kwa siku 15 inahitaji kilo 30 za unga, kilo 7 na nusu za maharagi, lita mbili na kidogo za mafuta, na chumvi chini ya nusu kilo. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani deponi. Mkiwa na kilo 300 za unga, mnaweza kubeba nyumba kumi kwa siku 15. Mnaweza pia kuita watu mia sita, kila mmoja aondoke na nusu kilo ambayo kesho asubuhi imekwisha, baada ya kusimama tangu alfajiri na kulipa pikipiki. Mimi nachagua nyumba kumi, tena nachagua bila aibu.

Unga wa muhogo una onyo lake. Muhogo mchungu ukilowekwa siku moja badala ya tatu au nne, kwa haraka ya njaa, unabaki na sianidi. Mtu anayeula kwa wiki nyingi bila protini ya kutosha anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa ghafla, na hairudi kama ilivyokuwa. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, hapa hapa Kongo, na unawashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Kwa hiyo fungu la muhogo bila maharagi au sambaza (dagaa wa ziwani) lisitoke deponi. Na unga msioujua asili yake, wafundisheni mama hivi: changanya na maji mpaka ulowane, utandaze mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke hewani, ndipo usonge fufu (ugali) siku ile ile.

Mkipika kwa wengi, mfano watu 200 kwenye kilio au baada ya moto wa nyumba kule Kadutu, wekeni kilo 16 za maharagi makavu na kilo 35 hadi 40 za unga. Maharagi hayo yakiiva yanafika karibu lita 40, na lazima pabaki nafasi ya maji na ya kuchemka, kwa hiyo sufuria mbili za lita 50 zinatosha, moja haitoshi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, anza na maji mapya, na yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Maharagi mekundu yaliyopashwa moto tu bila kuchemka hutapisha kanisa zima. Nyanya zingojee mpaka yalainike, maana uchachu wake unayafanya magumu. Yakikataa kuiva baada ya saa nne, ni ya zamani. Makaa zaidi hayatasaidia sana. Mpakuaji awe na upawa mmoja tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, na kilichobaki kiliwe au kigawiwe siku hiyo, kwa sababu sufuria kubwa inapoa polepole na usiku mmoja unatosha kuiharibu.

Basini moja ya kunawia ambamo kila mtu anachovya mikono, iondoeni. Kolera haijatoka Kivu. Bidoni lenye bomba na sabuni, mtu mmoja wa kusimamia, maji yaanguke chini.

Orodha. Manung'uniko ya kwanza ndani ya kanisa yalitokea mezani: wajane wenye lugha ya Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6). Tazameni majina ya wale saba waliochaguliwa, yote ni ya Kiyunani. Kazi ilikabidhiwa upande uliolalamika. Nasi tunao wanaosema Mashi, Kilega, Kihavu, Kifuliiru, na waliokimbia vijiji wasiojulikana na mzee yeyote wa parokia. Kamati ya orodha iliyojaa watu wa kijiji kimoja itaandika kijiji hicho, hata kama wote ni waombaji wa kweli. Wekeni aliyehamishwa mmoja au wawili ndani, mpite nyumba kwa nyumba, kisha majina yasomwe mbele ya majirani kabla ya kutoa jetoni (kadi za kupokelea chakula). Siku ya kugawa, wajawazito, wazee na walemavu waanze, na yote yaishe kabla ya saa nane mchana ili mtu asipande mlima na gunia gizani. Kati ya mafungu kumi pimeni moja mbele ya watu.

Picha? Hapana. Mnaotaka ushahidi kwa wafadhili pigeni picha ya mizani, ya kaye na ya magunia. Uso wa mama anayepokea unga si mali ya parokia.

Na mheshimiwa akileta mchele wenye sura yake kwenye mfuko, pokeeni, asanteni kwa barua. Uangaliwe tarehe, upimwe kama wa mtu yeyote, na asipewe maikrofoni. Asipokubali masharti hayo, mchele aondoke nao.

Msingojee wakubwa hata hivyo. Huko Mizoram, India, tangu 1910 mama Wakristo kila wapikapo hutenga konzi moja ya mchele kwa ajili ya Bwana. Kwetu iwe unga. Konzi ni kama gramu 50. Nyumba mia moja, siku sita, ni kilo 30: unga wa ile nyumba ya watu watano kwa siku 15, kila juma, bila hotuba wala ahadi. Ila konzi zisichanganywe kapuni: muhogo peke yake, mahindi peke yake, wa mtama peke yake, maana unga uliochanganywa kila mtu anaukataa.

Kabla ya Jumapili ya mavuno jaribuni mizani zenu. Chukueni chupa sita za lita moja na nusu, mzipime tupu, mzijaze maji, mzipime tena. Tofauti lazima iwe kilo 9. Na lile kopo la kupimia lililopondwa chini ili libebe kidogo, linalotajwa katika Kumbukumbu la Torati 25:13-15 kwa jina la vipimo viwili, kama liko deponi kwenu, litobolewe mbele ya kamati.

Mzee wenu katika huduma,
Mchungaji, Bukavu