Kwa mawakili vijana mnaoingia kwenye kesi za ujenzi

Wanangu,

Mnaniuliza imekuwaje mtu aliyezeeka kwenye kesi za nondo na zege akaishia kulinda taarifa binafsi za watu. Wapo wanaodhani nilichoshwa na vumbi la saiti. Sivyo. Ni mahudhurio ya vibarua yaliyonivuta huku.

Mkandarasi aliyefungwa na Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, yaani masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ana siku 28 za kutoa notisi ya madai, tangu alipojua au alipopaswa kujua kilichomkwamisha. Zikipita, dai limekufa, hata kama mafuriko kila mtu aliyaona. Niliwahi kumtetea mmoja aliyekuwa na haki yake yote ila barua moja. Alikuwa amesema kwa mdomo kikaoni, mhandisi akaitikia kwa kichwa, basi. Tulishindwa. Tangu siku hiyo wimbo wangu kwa wateja ukawa mmoja: tunzeni kila kitu, hata karatasi ya kupokelea mchanga.

Kisha ikaja kesi ya ucheleweshaji, na ushahidi wetu mzito ulitoka kwenye mashine ya alama za vidole getini. Nikajisifu mapema. Wakili wa upande wa pili akauliza: hawa vibarua waliambiwa vidole vyao vitatumika kwa kazi gani? Na walioacha kazi zamani, mbona alama zao bado zipo? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha kutunza, kufuta sikufundisha.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu Mei 25, 2018, inaziweka alama za vidole za kumtambulisha mtu kwenye kundi la taarifa zenye ulinzi wa pekee. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kufuta. Someni kifungu cha 17 mpaka mwisho: haki ya kufutiwa haigusi taarifa inayohitajika kudai au kutetea haki kisheria. Mlango huo ni mwembamba. Kisingizio cha "huenda siku moja tukashtakiana" hakipiti hapo.

Kwa hiyo kaeni na mteja kabla msingi haujachimbwa, mpange nini kitunzwe na mpaka lini. Saa za kuingia na kutoka zinathibitisha nguvukazi iliyokuwepo. Kidole chenyewe hakithibitishi ucheleweshaji wowote, kifutwe. Mgogoro ukianza kunukia, siku hiyohiyo toeni agizo la maandishi kusimamisha ufutaji wa kumbukumbu zinazohusika, maana msuluhishi akikuta pengo atajaza mwenyewe, na si kwa faida yenu.

Kuhusu saa 72 ambazo GDPR inatoa za kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa taarifa pale zinapovuja, sitawachosha. Aliyelelewa na siku 28 atazizoea.

Na mkifika saiti, iangalieni mashine ya getini kabla ya michoro. Muulizeni mlinzi nani ana nywila yake. Mimi niliuliza hivi karibuni, akanionyesha: imebandikwa ukutani.

Mzee wenu katika kazi