Mlipuko wa Jua haupimwi kwa weupe wa picha

Mhariri,

Juzi mlichapa picha mbili za milipuko ya Jua, mkaeleza kwamba wa kulia ulikuwa mkali zaidi kwa kuwa doa lake ni jeupe zaidi, na mkautaja kuwa wa daraja la X. Naomba nafasi nisahihishe. Huu ni mwaka wa sita nalipiga Jua picha kwa darubini ndogo, na kosa hilo liliniharibia vipimo vyote vya mwaka wa kwanza.

Kamera ina kikomo. Yangu huhesabu mwanga wa kila pikseli kuanzia 0 hadi 4,095. Mwanga ukizidi hapo, namba haipandi tena, pikseli imeshiba. Mlipuko mkali na mwingine wenye ukali maradufu hutoka nyeupe pe, na hakuna anayeweza kuutofautisha mmoja na mwingine. Hata picha za SDO, setilaiti ya kuchunguza Jua iliyorushwa 2010, hushiba milipuko mikubwa inapotokea.

Mimi hutumia kichujio kinachopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656.3, na hufupisha muda wa kamera kupokea mwanga hadi doa libaki chini ya kikomo. Kisha hulilinganisha na sehemu tulivu ya Jua iliyo jirani, katika picha ileile. Tuseme doa ni 2,500, sehemu tulivu 900, na kamera iliyofunikwa, isiyopata mwanga, bado hutoa 100. Naondoa 100 kote: 2,400 kwa 800, mara 3. Ukisahau kuondoa, utapata 2.8. Wingu jembamba likipita hufifisha vyote viwili kwa pamoja, uwiano ukabaki palepale. Nasema jirani kwa sababu ukingo wa Jua ni hafifu kuliko katikati.

Enzi za filamu kazi ilikuwa nzito zaidi. Filamu huwa nyeusi ikipigwa na mwanga, lakini weusi huo haupandi sambamba na mwanga, hivyo wapimaji walichapa pembeni ngazi ya viwango vya mwanga vinavyojulikana, wakalinganisha doa na ngazi hiyo.

Na ile herufi X mliyoitaja haitokani na picha kabisa. Ni kipimo cha eksirei za Jua kinachochukuliwa na setilaiti za GOES; X1 ni mara 10 ya M1, ya daraja la chini yake.

Siku nyingine andikeni kamera ilipokea mwanga kwa muda gani katika kila picha, na kama picha imeng'arishwa. Ile ya kushoto bado inaonyesha michirizi ndani ya doa, maana yake haikushiba. Aliyeipiga, kama ametunza faili ya awali, anaweza kuipima hata leo.

Msomaji wenu, mpiga picha za Jua