Alagna si mlima wa siku mbili

Mhariri,

Makala yenu ya utalii kuhusu Alagna, kijiji cha Italia chini ya Monte Rosa, ilimshauri msomaji apande magari ya nyaya siku ileile anayofika, na kesho yake awe Capanna Regina Margherita, kibanda kilichosimama juu ya kilele chenye mita 4,554. Ratiba hiyo itamlaza mtu kwa ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu mwili haujapata siku za kuzoea hewa nyembamba.

Kijiji kiko kwenye mita 1,190 hivi. Ukibadilisha gari Pianalunga na Passo dei Salati, muda si mrefu uko Indren, mita 3,275. Miguu haijachoka, basi mtu hujiona mzima. Huku kwetu Kilimanjaro anayepita njia ya Marangu hulala kibanda cha Mandara, kisha Horombo, ndipo aione Kibo. Kule nyaya zimeziruka siku hizo. Kichwa huanza kugonga usiku, naye yuko kibanda cha Gnifetti, mita 3,647, ambako gari halifiki na njia ya kushukia inapita kwenye barafuto, yaani mto wa barafu.

Siku mbili za kwanza zikae chini, na hazipotei bure. Mtaa wa Pedemonte una nyumba ya mwaka 1628 ambayo sasa ni makumbusho ya Wawalser, wasemaji wa Kijerumani ambao wazee wao walitoka Valais, ng'ambo ya milima, karne ya 13. Chini ni mawe, zizi na sebule vimekaa pamoja ili joto la ng'ombe liwafae watu. Juu ni magogo yaliyopachikwa pembeni. Zile fito za mlalo kuzunguka roshani, ambazo makala iliziita mapambo, ni kichanja: kiangazi ni kifupi, rai (nafaka jamii ya ngano) na majani ya mifugo huvunwa yangali mabichi, kwa hiyo vilianikwa pale chini ya upenu. Siku ya pili panda kwa miguu hadi vitongoji vya Otro. Inanyoosha misuli tu, kwani mita 1,700 hazimzoeshi mtu hewa nyembamba.

Usiku wa tatu lala Col d'Olen, karibu mita 2,900, palipofunguliwa mwaka 1907 maabara ya mwanasayansi Angelo Mosso ya kuchunguza mwili wa binadamu mahali pa juu. Wa nne, Gnifetti. Anayeumwa kichwa asiongeze hata mita moja.

Aliyefika Uhuru kwa buti na fimbo asijidanganye. Kutoka Gnifetti hadi Regina Margherita barafuto lina nyufa zilizofunikwa na theluji. Mnafungana kamba, watu watatu au zaidi, takriban mita 10 kati ya mtu na mtu, na kamba isilegee. Mnaondoka saa 10 alfajiri, kwa sababu kupanda huchukua saa nne au tano, na jua likipanda theluji iliyoziba nyufa hulainika.

Tena ulizeni mapema saa ya gari la mwisho kutoka Indren. Likishaondoka, zimebaki mita 2,000 na zaidi za kushuka kwa magoti yaliyokwisha choka.

Msomaji, Moshi