Tiketi Imefungwa, Mteja Bado Analalamika: Kuunganisha Mapitio ya Msimbo na Mfumo wa Tiketi

Wateja wengi wanaotufuata wana ombi moja: wanataka mfumo wa kukagua msimbo usomane na mfumo wa tiketi za kazi na hitilafu, yaani Gerrit isomane na Jira, au GitLab isomane na Bugzilla. Kazi yenyewe inawezekana, na mara nyingi haichukui muda mrefu. Ila kabla hatujagusa seva, huwa tunamuuliza mteja swali moja: tiketi ikisomeka "Imekamilika" kwenu, ina maana gani? Msimbo umeidhinishwa? Umeunganishwa kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi? Au mtumiaji ameshapata toleo lenye marekebisho? Timu nyingi hugundua hapo hapo kwamba kila mtu ana jibu lake.

Mifumo isiposomana, hasara yake huonekana polepole. Mkaguzi anafunguliwa mabadiliko ya mistari mia mbili bila kujua yanatibu tatizo gani, basi anaishia kukagua nafasi na majina ya vigeu. Msimamizi anaona tiketi iko "Inashughulikiwa" ilhali msimbo wake uliunganishwa zamani. Na baada ya mwaka, mtu anaendesha git blame (amri ya Git inayoonyesha nani aliubadilisha mstari na kwa ujumbe gani) kwenye mstari wa ajabu, anakuta ujumbe usemao "rekebisho dogo", basi. Aliyeuandika ameshahama kazi.

Kinachounganisha pande hizi mbili ni namba ya tiketi tu. Kwa Jira ni ufunguo wa mradi, kistari na namba, mfano MALIPO-482. Ukiuweka kwenye jina la tawi, kwenye ujumbe wa mabadiliko au kwenye kichwa cha ombi la kuunganisha, Jira iliyokwisha kuunganishwa na hifadhi yako ya msimbo itayaonyesha mabadiliko hayo ndani ya tiketi. Kwa Gerrit, sehemu ya commentlink kwenye faili la gerrit.config huigeuza namba hiyo kuwa kiungo cha kubofya. Hapa wengi hudhani kazi imeisha. Kiungo hicho kinamsaidia anayesoma Gerrit. Jira yenyewe haijaambiwa lolote. Ili tiketi ipate habari unahitaji programu-jalizi kama its-jira au its-bugzilla, pamoja na kanuni zinazosema tukio gani lizae kitendo gani.

Ruwaza ya kutambua namba nayo inataka uangalifu. Ile inayonakiliwa sana ni [A-Z]+-[0-9]+, yaani herufi kubwa, kistari, kisha tarakimu, na inafanya kazi vizuri hadi siku mtu aandike ujumbe "badilisha usimbaji kuwa UTF-8". Mfumo unaona UTF-8, unaamini ni tiketi namba 8 ya mradi uitwao UTF, unaitafuta na kuikosa. SHA-256 inaleta usumbufu uleule. Sisi hutaja funguo za miradi ya mteja moja moja, (MALIPO|GHALA)-[0-9]+, hata kama kila mradi mpya utatulazimu kurudi kuongeza jina lake. Afadhali kazi hiyo ndogo kuliko viungo vya uongo.

Je, watengenezaji waachiwe wenyewe kukumbuka namba? Hapana. Hati ya commit-msg, ambayo Git huiendesha yenyewe kila ujumbe wa mabadiliko unapoandikwa kwenye kompyuta ya mtengenezaji, inaweza kukataa ujumbe usio na namba, na inasaidia kwa sababu kosa linakamatwa mapema. Lakini hati za Git hazinakiliwi mtu anapochukua nakala ya hifadhi, na mtengenezaji akiongeza --no-verify kwenye amri yake anairuka bila shida. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho lazima ukae kwenye seva.

Sasa turudi kwenye lile swali la "Imekamilika", kwa sababu ndilo linalowaumiza wateja kuliko yote. GitHub hutambua maneno tisa ya kufunga tiketi, yakiwemo Fixes, Closes na Resolves. Ukiandika Fixes #123 kwenye maelezo ya ombi la kuunganisha linaloelekea tawi la msingi la hifadhi, tiketi hufungwa ombi linapounganishwa. Ombi likielekea tawi jingine, neno hilo halifanyi kitu, na ndiyo maana timu zinazofanyia kazi tawi la maendeleo hulalamika kwamba "muunganisho umekufa". Kwa hifadhi ndogo inayotoa toleo kila siku, utaratibu huu unatosha. Kwa timu inayotoa toleo kila mwezi, tunaupinga waziwazi. Mteja anapata barua pepe kwamba tatizo lake limefungwa, anafungua programu, tatizo liko palepale. Akiona hivyo mara mbili, hataziamini tena taarifa zenu. Tunashauri kuunganishwa kwa msimbo kuisogeze tiketi kwenye hali kama "Inasubiri toleo", na kufungwa kufanywe na hatua ya kutoa toleo.

Tukio linalosahaulika kila mara ni la mabadiliko yaliyotelekezwa. Bila kanuni yake, tiketi itabaki "Katika mapitio" miezi na miezi wakati hakuna anayeigusa. Kwa upande mwingine, msipeleke kila maoni ya mkaguzi kwenye tiketi. Majadiliano ya jina la kigeu hayamhusu mtu wa huduma kwa wateja, na yakijaa humo taarifa muhimu hazionekani.

Muunganisho pia usitumie tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia mfumo) ya mfanyakazi. Akiondoka na akaunti yake kufungwa, kila kitu kinanyamaza. Fungueni akaunti ya mfumo yenye ruhusa za kazi hiyo tu. Upande unaopokea taarifa kutoka GitHub uhakiki sahihi iliyo kwenye kichwa cha taarifa kiitwacho X-Hub-Signature-256, ili ujue kweli imetoka GitHub, uiweke taarifa kwenye foleni, kisha ujibu mara moja: GitHub husubiri sekunde 10, na taarifa iliyoshindwa haiirudii yenyewe. Tiketi za usalama tunazitenga kabisa, maana kichwa cha mabadiliko kikionekana hadharani kabla ya toleo, kinamwonyesha mshambuliaji pa kuanzia.

Mkitaka tuwafanyie kazi hii, tuandalieni orodha ya hali za tiketi mnazotumia kweli (zile zilizoandikwa kwenye mwongozo zikiwa tofauti, achaneni nazo), funguo za miradi, na mradi mmoja wa majaribio kwenye kila mfumo. Hakikisheni pia kwamba user.email (anwani ya barua pepe) ya kila mtengenezaji kwenye Git inalingana na ile ya Jira. Amri za Jira zinazoandikwa ndani ya ujumbe wa mabadiliko, kama #comment (kuongeza maoni) na #time (kurekodi muda wa kazi), hazitekelezwi anwani zikitofautiana.