Uza Harusi Yako, Lakini Mimi Niliye Nyuma Kwenye Picha Sijakubali

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Langoni, Lamu. Mimi si mtu wa kuandika magazetini, kazi yangu ni kupamba maharusi, lakini hizi kurasa za mastaa za wikendi zimenichosha mpaka nimeona bora niandike. Kila Jumamosi ni yaleyale, leo fulani afunguka kuhusu mumewe wa zamani, wiki ijayo mume wa zamani naye afunguka, wiki ya tatu mama mkwe amwaga mtama, halafu mwezi ukiisha tunaambiwa kumbe kuna wimbo mpya unatoka. Kiki tupu. Na sisi wasomaji tunanunua, sijitoi, gazeti likifika saluni kurasa ya siasa inafungia maandazi na ile ya udaku inazungushwa mkono kwa mkono mpaka inachanika.

Mtu kutafuta kiki sina ugomvi naye, riziki ni riziki. Ninachouliza ni kimoja tu. Stori ya ndoa ina watu wawili kwa uchache, na ukitia watoto, wazazi wa pande mbili na yule dada wa kazi aliyekuwa akisikia makelele usiku, ni watu chungu nzima. Sasa mmoja wao anakaa mbele ya kamera anasimulia yote na analipwa yeye peke yake. Wale wengine nani aliwauliza?

Niwaelezee kazi yangu kidogo ndio mnifahamu. Huku kwetu usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Bibi harusi anatolewa anaketishwa juu, hina mpaka kwenye viwiko, asumini, dhahabu, macho chini, na waliokuja kumtazama wameyavua mabuibui palepale mlangoni, ndani kila mtu na nguo yake aliyoishonesha kwa siku hiyo, nywele nje, mabega nje, vugo linalia, watu wanacheza bila wasiwasi kwa sababu wanajua hakuna jicho la mwanamume. Kwenye kadi tunaandika kabisa, simu haziruhusiwi. Na mlangoni wanakaa mashangazi wawili wasiojua mzaha, mkoba unafunguliwa, simu inazimwa inatiwa kwenye bahasha jina juu, ukitaka kupiga unatoka nje.

Sasa kwenye harusi moja hivi, mtaa siutaji, mtu aliingia na simu kifuani. Alimrekodi bibi harusi kidogo tu, nia yake ampelekee dada yake aliye Jeddah, lakini na statusi akaweka, ikachotwa hapo ikaanza kuzunguka. Bibi harusi mwenyewe wala hakuja juu sana, alikuwa ametoka mzuri na rangi imemkaa. Balaa lilikuwa nyuma yake. Kuna mama alikuwa anacheza kampa kamera mgongo, akageuka, akacheka, basi, sekunde mbili tatu hivi. Klipu ilimfikia mumewe Mombasa kabla hata biriani haijapakuliwa. Yule mama alirudi kwao siku kadhaa, wazee wakaingia kati, mambo yakatulizwa, lakini harusini haendi tena, na ukimualika anakwambia kichwa kinamuuma. Aliyerekodi aliomba radhi kwa bibi harusi, kwa huyu wa nyuma hata hakupita mlangoni.

Huyo mama wa nyuma ndiye ninayemuona kila nikisoma stori za hawa mastaa.

Wazungu walianza biashara hii zamani, Beckham na Victoria waliiuza harusi yao ya 1999 kwa jarida la OK! na ilisemwa ni kwa paundi milioni moja. Lakini iliyonishangaza mimi ni ya wale wacheza sinema Michael Douglas na Catherine Zeta-Jones, Novemba 2000, pale Plaza Hotel New York. Wao pia walikataza kamera! Wageni waliambiwa hakuna kupiga picha, walinzi wamejaa mlangoni, ukisoma mpaka hapo utasema alhamdulillahi stara ipo hata kwa wenzetu, kumbe picha zilikuwa zishauzwa kwa OK! hiyohiyo, paundi milioni moja, na lile katazo lilikuwa la kulinda bidhaa isitoke bure. Mpigapicha mmoja akajipenyeza, jarida pinzani la Hello! likazitoa zake, basi kesi. Ilikwenda miaka. Mwishowe ukiangalia malipo unapata picha kamili ya biashara yenyewe: maharusi kwa machungu yao na usumbufu wote wawili paundi 14,600, na jarida la OK! kwa hasara yake zaidi ya paundi milioni moja, likanyang'anywa na mahakama ya rufaa 2005, likarudishiwa na majaji wa juu kabisa wa Uingereza 2007. Machungu ya watu wawili ni elfu kumi na nne, hasara ya muuza magazeti milioni! Na wale wageni waliokuja kula keki na sura zao zikatoka kwenye magazeti yote mawili, wao sijaona popote kwamba walipewa hata senti.

Sasa msinifahamu vibaya, kuna wauzaji mimi siwezi kuwatia mdomoni. Jade Goody, yule binti wa Uingereza aliyepata jina kwenye runinga, mwaka 2008 aliambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi akiwa India ndani ya kipindi cha kamera masaa yote. Ikasambaa, hakuna la kufanya tena. Februari 2009 akaolewa, kichwa hakina unywele kwa ajili ya dawa, akaziuza picha za harusi na akasema wazi mbele ya watu kwamba pesa ni za watoto wake wawili wa kiume wapate kusoma. Tarehe 22 Machi akafa, miaka 27. Watu walimsema sana, eti anauza kifo chake. Ni chake! Mwili wake, maradhi yake, pesa kwa wanawe, na wanawake wengi huko kwao walikwenda kupimwa kwa sababu walimuona yeye. Aliyenichefua hapo ni mnunuzi, maana hilo jarida lililoinunua harusi lilitoa toleo la kumuaga na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa juu, siku chache kabla hajakata roho. Mtu bado anapumua kitandani na tanzia yake inauzwa dukani. Huku kwetu hata mgonjwa akiwa mahututi mtu hathubutu kuuliza sanda iko wapi kwa sauti.

Turudi kwa walio nyuma ya picha. Watoto ndio wa kwanza. Mapacha wa Brad Pitt na Angelina Jolie walipozaliwa 2008 picha zao za kwanza inasemekana zilikwenda kwa dola milioni 14, na wazazi pesa wakazipeleka kwenye mfuko wao wa hisani, sawa, Mungu awalipe, lakini hisani hiyo imetolewa na watoto ambao hata macho walikuwa hawajafungua vizuri. Hata hapa jirani, binti wa Diamond na Zari aliyezaliwa 2015 alikuwa na ukurasa wake Instagram kabla hajajua kuketi. Na huku mtoto kabla ya arobaini hata jirani humuoni, utaambiwa amelala, kila ukienda amelala.

Nimeuliza kwa kijana wangu anayesoma sheria akanieleza kwamba Kenya tunayo, Katiba kifungu cha 31 kinakulinda mambo ya familia yako yasianikwe ovyo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema habari za mtoto hazitumiki mpaka mzazi aruhusu na iwe kwa faida ya mtoto mwenyewe. Na si sheria ya kuwekwa kabatini, Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi milioni 1.85 kwa kumposti mteja aliyekwenda kustarehe zake. Vizuri kabisa. Lakini nikamuuliza, na kama aliyempeleka mtoto sokoni ni mzazi mwenyewe, je? Mwenye kuruhusu ndiye mwenye kulipwa! Akacheka akasema hapo mama umeuliza swali la mtihani.

Halafu kuna wale wanaouza leo kesho wanalia. Hawa nao tuwatazame vizuri kabla ya kuwacheka, maana mambo hayako sawasawa. Naomi Campbell, yule mwanamitindo ambaye Malindi kila boda boda ana stori yake, alikuwa anawaambia watu hadharani kwamba yeye dawa za kulevya hatumii. Gazeti moja la Uingereza likamfichua mwaka 2001, na likatia na picha yake akitoka kwenye kikao cha watu wanaojitibu. Akashtaki, na 2004 akashinda majaji watatu kwa wawili. Mawakili wake wenyewe walikubali kwamba kwa vile alidanganya hadharani gazeti lilikuwa na haki ya kumsahihisha. Ila namna anavyotibiwa na wapi na picha ya mlangoni, hapo gazeti lilivuka. Fidia ilikuwa paundi 3,500 tu, kwa mtu kama yule ni pesa ya kiatu, lakini mpaka uliwekwa. Maana yake hata aliyejianika mwenyewe kiasi, haimaanishi sasa kila mtu aingie mpaka chumbani.

Na kuna hii ya kwetu kabisa. Mwaka 2002 jarida moja la Ujerumani liliandika jinsi matajiri wenye majina wanavyokodisha nyumba zao za likizo, na mojawapo ilikuwa ya jamaa ya Princess Caroline wa Monaco, kwenye kisiwa cha pwani hii hii ya Kenya, wakaeleza nyumba ilivyo na bei yake ya kukodi, na picha ndogo yake na mumewe wakiwa likizo. Caroline huyu si mchezo, 2004 alishinda kesi kubwa Strasbourg, kwenye mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kuhusu mapaparazi waliokuwa wakimfuata sokoni na kwenye farasi. Akashtaki na hii. Septemba 2013 mahakama ileile ikamwambia hapana, hii habari ya matajiri kukodisha nyumba ni jambo ambalo watu wana haki kulijadili. Mimi hapo nasimama na majaji kwa nusu. Nyumba ukiitia kwenye soko, nyumba ni ya kuzungumzwa, huwezi kukodisha kitanda kisha ukataka mgeni asijue kina miguu mingapi. Picha yao wakitembea na zao lakini sikuona ilihitajika ya nini.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hii tabia imeshuka kwetu watu wa kawaida na hata bei haina. Staa angalau analipwa milioni. Huku binti kagombana na mumewe anaingia TikTok laivu saa tano usiku, shela imekaa upande, anataja mpaka deni la mkwe wake dukani, watu elfu wanamtupia maua ya kuchora, asubuhi wamepatana na wanakunywa chai pamoja, na mkwe ndiye hana pa kupita pale barazani. Alipata nini? Anaona mastaa wanafunguka kwenye magazeti na anadhani ndivyo watu wakubwa wanavyosuluhishana.

Sasa Mhariri nije kwenye niliyoyaandikia, maana najua barua ndefu mnazikata. Kwanza, kama gazeti au kituo chochote kimempa mtu pesa, au gari la kumleta na hoteli ya kulala, au kimemuahidi kumpigia wimbo, kiandike chini ya stori, huyu kalipwa. Sisi wasomaji tujue tunasoma ungamo au tangazo. Pili, akija mtu kufunguka kuhusu mwenziwe, mpigieni na mwenziwe kabla ya kuchapisha, na akisema sitaki kusema, basi hayo mambo ya kitandani na maradhi yake yaacheni, abaki muuzaji na yale yaliyomhusu yeye. Tatu, watoto msiwatoe sura, hata mama mtu akiwaletea picha kwa mkono wake na amevaa vizuri na anawaambia hakuna neno. Funikeni. Mtoto akifika kumi na nane akitaka aje mwenyewe.

Na yule dada wa kazi ambaye kila staa akiachika anatajwa kwamba ndiye aliyeivunja nyumba, kwa jina na picha ya kitambulisho wakati mwingine, yeye hana meneja wala wakili wala ukurasa wa kujibia. Mkimtaja mtafuteni. Mkikosa kumpata msimtaje.

Hayo ndiyo yangu. Chemshabongo ya watoto mliyoiondoa ili ile kurasa ya mastaa iongezwe, tunaomba mtuirudishie.

Mpambaji wa maharusi,
Langoni, Lamu